Nairobi hadi New York: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbali na saa za safari

Haya ndiyo maswali ninayosikia kila ndugu au jirani anapokata tiketi ya Marekani kwa mara ya kwanza, au mzazi anapoitwa kwenda kumwona mjukuu. Nimeyajibu kwa kufuata safari moja, ile ya kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy, yaani JKIA hadi JFK. Kama huna muda wa kusoma yote, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya saa na tarehe. Hapo ndipo watu huachwa na ndege.

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi?

Takriban kilomita 11,830, sawa na maili 7,350 hivi, ukipima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ndege yenyewe huruka zaidi ya hapo, kwa sababu hufuata njia za anga zilizopangwa, hukwepa dhoruba, na huzunguka nchi ambazo anga yake si salama. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, kwa mfano, anga ya nchi hiyo ilifungwa na mashirika mengi yakalazimika kupinda njia.

Safari inachukua saa ngapi?

Kwa ndege ya moja kwa moja, kwenda ni kama saa 15 na kurudi ni kama saa 14. Ukiunganisha ndege mahali fulani, hesabu kuanzia saa 18. Wengi hufika 24 au zaidi, kutegemea utakaa muda gani ukingoja ndege ya pili.

Ndege inapita wapi? Kwenye ramani naona kama inapaswa kukata Afrika Magharibi.

Ramani ya ukutani inadanganya, kwa kuwa dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Chukua tufe la dunia, lile la darasani, shika uzi Nairobi na uuvute mpaka New York ukaze vizuri. Uzi huo hauendi Burkina Faso wala Mauritania kama rula inavyoonyesha kwenye ramani. Unavuka ikweta karibu na Eldoret, unapita juu ya Soroti na Gulu kule Uganda, unaingia Sudan Kusini, kisha Chad, kaskazini mwa Niger, jangwa la Algeria, na kuiacha Afrika pwani ya Moroko, si mbali na Marrakech. Kisha ni Atlantiki tupu, isipokuwa visiwa vya Azores vya Ureno. Katikati ya bahari uzi unapanda kaskazini kuliko New York yenyewe, halafu unashuka.

Ukifuata ile njia ya rula unaongeza zaidi ya kilomita 300 bure. Marubani hawafuati uzi kwa inchi, lakini huo ndio mwongozo wao, na ndiyo maana kwenye skrini ya kiti chako utaona ndege ikielekea kaskazini-magharibi, upande wa Uganda, mara tu baada ya kupaa.

Kwa nini kwenda ni muda mrefu kuliko kurudi, wakati umbali ni uleule?

Upepo. Juu huko, kwenye kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini ambako ndege za abiria huruka, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Hutokea pale hewa ya baridi ya upande wa ncha ya dunia inapokutana na hewa ya joto ya upande wa tropiki, na mzunguko wa dunia unausukuma upepo huo kuelekea mashariki. Mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi ya kaskazini, kuanzia Desemba hadi Februari, unaweza kuzidi hata 300.

Sasa piga hesabu. Ndege ya Boeing 787, ambayo ndiyo inayotumika kwenye njia hii, huenda kama kilomita 900 kwa saa katika hewa iliyotulia. Gawanya 11,830 kwa 900, unapata saa 13 na dakika chache. Lakini ukienda New York upepo unakupiga usoni kuanzia Atlantiki, na mwendo wako juu ya ardhi unashuka. Ukirudi, upepo uleule unakusukuma mgongoni. Ongeza muda wa ndege kutembea uwanjani kabla ya kupaa, muda wa kupanda na kushuka, na foleni ya ndege pale JFK, utaelewa saa 15 zinatoka wapi. Siku ambayo upepo ni mwepesi utatua mapema, na abiria wote watafurahi bila kujua wamshukuru nani.

Kwa nini inaondoka Nairobi usiku?

Kuna sababu za kibiashara: ndege ikiondoka usiku, abiria wa kutoka miji mingine ya Afrika wanapata muda wa kufika Nairobi, na huko New York wanatua asubuhi, siku ikiwa mbichi. Lakini iko faida nyingine ambayo wengi hawaijui. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege na injini hupungukiwa na nguvu, na ndege inahitaji kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Joto linaifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Usiku kukiwa na baridi, ndege ileile inaweza kubeba uzito mkubwa kuliko saa nane mchana.

Na uzito upo. Safari hii ilipoanza ilielezwa kuwa huhitaji takriban tani 85 za mafuta kila upande. Hayo ni mafuta peke yake. Hujaweka watu, mabegi wala maua. Njia ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na siku ndege imejaa utaona inavyoitumia. JFK iko karibu kabisa na usawa wa bahari, kwa hiyo kurudi hakuna shida hiyo.

Majirani zetu wa Addis Ababa wako juu zaidi, zaidi ya mita 2,300, na ndiyo sababu safari nyingi za Ethiopian kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, ilhali kurudi zinakuja moja kwa moja.

Tofauti ya saa kati ya Nairobi na New York ni ngapi?

Saa 8 au saa 7, kutegemea mwezi. Sisi Afrika Mashariki hatubadilishi saa mwaka mzima. Wao husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo:

- Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, Nairobi iko mbele kwa saa 7. Saa 2 usiku Nairobi ni saa 7 mchana New York.
- Kuanzia Novemba hadi Machi, Nairobi iko mbele kwa saa 8. Saa 2 usiku Nairobi ni saa 6 mchana New York.

Hilo ni muhimu hata kwa simu. Mtoto aliyeko huko akimaliza kazi na kukupigia saa 3 usiku mwezi wa Januari, wewe Nairobi ni saa 11 alfajiri.

Tiketi inaonyesha naondoka 23:25 na kufika 06:25. Hizo si saa 7 tu?

Ni saa 7 kwa macho. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika, na hakuna shirika linalokufanyia hesabu ya tofauti. Nachukua ratiba ya mwaka 2018 kama mfano, kwa kuwa ratiba hubadilika: kuondoka Nairobi 23:25, yaani saa 5:25 usiku, na kutua JFK 06:25, yaani saa 12:25 asubuhi inayofuata. Wakati wa baridi unaongeza saa 8 za tofauti, zinakuwa 15. Kurudi iliondoka 12:25, saa 6:25 mchana, na kufika Nairobi 10:55 siku ya pili, saa 5 kasoro dakika tano asubuhi. Kwa macho ni saa 22 na nusu. Toa 8, inabaki 14 na nusu.

Kwa kifupi: kwenda unaongeza, kurudi unatoa.

Na jihadhari na saa za tiketi zenyewe. Tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. 06:25 ya tiketi si saa sita mchana wala saa sita usiku. Nimeshuhudia familia nzima ikipanga gari la kumpokea mtu mchana, naye yuko nje ya mlango na mabegi tangu asubuhi.

Tiketi yangu ni ya saa 00:20 tarehe 15. Niende uwanjani lini?

Tarehe 14 jioni. Kwenye tiketi siku mpya huanza saa 6 usiku, kwa hiyo 00:20 ya tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Saa 2 usiku ya tarehe 14 uwe umeshafika. Ukienda tarehe 15 jioni, ndege imeondoka jana yake usiku, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi pesa. Hili naliandika kwa herufi nzito kila ninapomsaidia mtu: siku ya kwenda uwanjani ni tarehe 14. Andika tarehe hiyo kwenye karatasi na uibandike mlangoni.

Usiku wa safari ni mrefu kiasi gani? Na swala je?

Mwezi wa Januari, jua linazama Nairobi karibu saa 12:45 jioni. Ukapanda ndege na kwenda magharibi usiku kucha, ni kama unalikimbia jua, nalo halikupati. Unatua New York kungali giza na jua linachomoza baada ya saa 1 asubuhi ya huko. Ukijumlisha, usiku wako mmoja umekuwa na saa zinazokaribia 21. Kurudi ni kinyume chake: unalifuata jua, giza linaingia na kuondoka upesi, na wengi hushangaa kuambiwa wafungue vioo kumbe kumeshakucha juu ya Sahara.

Kwa Waislamu, msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kufupisha swala, na ya kutofunga Ramadhani akalipa baadaye. Namna ya kuhesabu nyakati ukiwa angani, muulize sheikh wako kabla hujaondoka. Ukiondoka Nairobi usiku, Magharibi na Isha unaweza kuzimaliza ukiwa bado chini.

Rubani mmoja anaendesha saa 15 zote?

Hapana. Huwa wako wanne na hupokezana, pamoja na wahudumu 12 hivi. Ndege ya 787 ina vitanda vya wafanyakazi juu ya dari ya abiria. Usipomwona mhudumu aliyekuletea chakula, huenda amelala juu ya kichwa chako.

Ndege ya injini mbili kuvuka Atlantiki ni salama?

Ndiyo. Ndege hizi huthibitishwa kuwa zinaweza kuruka kwa injini moja kwa muda mrefu, na njia hupangwa ili wakati wote kuwe na uwanja unaofikika ndani ya muda huo. Azores kuna viwanja vya Lajes na Santa Maria, na vyote vimepokea ndege zenye dharura miaka mingi.

Safari ya moja kwa moja ilianza lini?

Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya kwanza ya Kenya Airways ilipopaa kutoka JKIA. Kabla ya hapo ilibidi Kenya ipewe na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani daraja la kwanza la usalama, na hilo lilipatikana Februari 2017 baada ya miaka mingi ya kurekebisha mambo: kutenganisha abiria wanaoingia na wanaotoka, kujenga uzio, kuboresha ukaguzi. Miaka yote hiyo abiria wa Nairobi alilazimika kupitia Ulaya, Uarabuni au Addis.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa Embakasi mwaka 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kuujenga ilifanywa kwa mikono na wafungwa wa wakati wa hali ya hatari, waliozuiliwa na Waingereza katika vita vya Mau Mau. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tunaupita ule uwanja bila kulijua, na wajukuu wa watu wale ndio wanaopanda ndege hapo leo.

Naishi Dar es Salaam, Entebbe au Kigali. Kupitia Nairobi kuna maana?

Kutoka Dar, ndiyo, sana. Dar hadi New York kwa njia fupi ni kama kilomita 12,440. Dar hadi Nairobi ni kama 670, ukiongeza 11,830 unapata 12,500. Yaani Nairobi iko karibu kabisa njiani, hupotezi kitu. Mombasa ni hivyohivyo.

Entebbe na Kigali hadithi ni nyingine. Wako karibu zaidi na New York kuliko Nairobi: kila mmoja ni kilomita 11,300 na kitu. Wakija Nairobi wanarudi nyuma kwanza, kisha ndege inapita tena juu ya Uganda, na safari inarefuka kwa kilomita 1,000 au zaidi. Bado inaweza kuwa njia ya haraka kama ndege mbili zinapokezana vizuri, ila linganisha na Amsterdam, Brussels au Istanbul kabla ya kulipa.

Tiketi ya kupitia Uarabuni ni nafuu. Nichukue?

Angalia saa, si pesa peke yake. Kupitia London ni kilomita 12,380 hivi kwa jumla, umeongeza 550 tu. Kupitia Dubai ni karibu 14,570: unaenda kwanza mashariki saa 5, kisha unavuka tena upande wa Ulaya kwenda New York, na kipande hicho cha pili peke yake kinakaribia saa 14. Doha hali haina tofauti kubwa.

Kwa kijana mwenye afya, kama bei imepungua sana, hakuna ubaya. Viwanja vile ni visafi, mpangilio wao ni mzuri na utapata mahali pa kujinyoosha. Kwa mzazi mwenye umri anayesafiri peke yake, mimi naona pesa ya ziada ya ndege ya moja kwa moja inafaa kila senti. Hakuna geti la kutafuta, hakuna lugha ya tatu, hakuna begi la kupotelea njiani. Kama ni lazima aunganishe, mpe angalau saa 3 kati ya ndege na ndege, na uhakikishe hahitaji viza ya kupita katika nchi ile. Desemba, Julai na Agosti bei hupanda kwa kila shirika, kwa hiyo kata mapema.

Mama yangu ni mzee na miguu yake huvimba. Ataweza saa 15?

Wengi wanaweza, mradi wajiandae. Akae kiti cha kando ya njia ili ainuke bila kuomba ruhusa. Atembee kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na akiwa ameketi azungushe vifundo vya miguu. Anywe maji kidogo kidogo njia nzima. Wazee wengi hukataa maji wakiogopa kusumbua watu kwenda msalani, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Soksi za kubana husaidia, lakini apate ushauri wa daktari kwanza. Aliyewahi kuganda damu mguuni, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mjamzito asipande safari ndefu hivi bila kumwona daktari.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Anayetumia insulini aulize mapema jinsi ya kupanga sindano, kwa kuwa siku yake itarefuka kwa saa 7 au 8.

Kuhusu hewa: ndani ya 787 shinikizo la hewa halishuki chini ya lile la mahali palipo futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu sawa na kuketi Nakuru. Katika ndege nyingi za zamani hushuka hadi lile la futi 8,000. Mtu wa nyanda za juu hatahisi tofauti. Mtu wa Mombasa au Zanzibar anaweza kuhisi uchovu kidogo. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama anatembea. Ni huduma ya bure, na humpitisha foleni zote.

Mwili utachukua muda gani kuzoea saa mpya?

Kwa wengi, siku 4 hadi 7. Kwenda magharibi ni rahisi kuliko kurudi mashariki, kwa sababu mwili hukubali kuchelewa kulala kuliko kulala mapema. Siku ya kwanza huko utaamka saa 9 usiku na njaa. Toka nje ukapate mwanga wa asubuhi, na jikaze usilale kabla ya saa 2 usiku.

Nifike JKIA saa ngapi kabla?

Saa 4 kabla kwa ndege ya Marekani, ingawa watakuambia 3. Langoni abiria hushuka garini na kupita ukaguzi kwa miguu. Ndani kuna ukaguzi mwingine, na kwa ndege ya Marekani kuna wa ziada karibu na geti, pamoja na maswali: nani alikupangia begi, unakwenda kwa nani. Ongeza Barabara ya Mombasa saa ya jioni. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022 imepunguza taabu, haijaimaliza.

Nikitua JFK inachukua muda gani kutoka nje?

Kati ya saa moja na mbili kwa kawaida. Uhamiaji huchukua alama za vidole na kuuliza anwani ya unakofikia, basi iandike kwenye karatasi, usiitegemee simu iliyozimika. Kama unaendelea na ndege nyingine hadi Texas au Minnesota, begi unalichukua mwenyewe New York, unalipitisha forodha na kulikabidhi tena, hata kama lebo yake imeandikwa mji wa mwisho. Nyama, matunda mabichi na mbegu usibebe. Majani ya chai hayana shida, ila chakula chochote kitaje kwenye forodha. Kutokitaja ndiko kunakoleta faini. Pesa taslimu zaidi ya dola 10,000 lazima zitangazwe.

Kwa anayempokea mgeni: ndege ikitua saa 12:25 asubuhi, usianze kuwa na wasiwasi kabla ya saa 2 na nusu. Mgeni aliyeletwa na kiti cha magurudumu mara nyingi hutoka mapema kuliko wenzake, kwa hiyo mwenye mama mzee afike kwanza, asimame pale pale mlango wa wanaowasili, na asihame hata kama simu ya mama haipatikani.